Mtoto wa Nyumba Mbili na Dawa Yake Moja

Daktari alimwuliza mwanangu hukohoa usiku mara ngapi kwa juma, naye, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali huku barakoa ya oksijeni imeshuka hadi kidevuni, badala ya kujibu aliuliza: "Kwa mama au kwa baba?" Alikuwa na umri wa miaka saba. Daktari aliinua macho akatutazama sisi wawili, mmoja kila upande wa kitanda, kisha akaandika kitu kwenye faili bila kusema neno. Nimewahi kusimama mbele ya hakimu, na sikuona aibu kama ile.

Ninaandika jinsi tulivyofika kwenye swali lile na jinsi tulivyoondokana nalo, kwa kuwa wazazi wengi waliotengana hudhani wanabishana kuhusu dawa, chanjo au upasuaji, ilhali chini ya mabishano hayo mna swali jingine ambalo hakuna anayelitamka: ni nani mwenye neno la mwisho juu ya mtoto huyu? Tabibu hawezi kulijibu swali hilo. Nalo lisipojibiwa, kila kikohozi huwa kesi mpya.

Wakati huo tulikuwa tumetengana kwa miaka miwili, mimi na mzazi mwenzangu, na machoni pa watu tulikuwa tumefanikiwa. Mtoto alikaa kwa mama yake siku za masomo, akaja kwangu wikiendi moja kati ya kila mbili na nusu ya likizo, na makubaliano hayo yalikuwa yameandikwa na kuidhinishwa na mahakama. Karatasi ile ilitaja saa ya kumchukua na saa ya kumrudisha, ilitaja mgawanyo wa sikukuu, ilitaja matunzo hadi kiasi cha mwisho. Kuhusu afya ilikuwa na sentensi moja, kwamba wazazi wote wawili watashauriana. Siku ya kutia saini sikujiuliza, wala hakuna aliyeniuliza, itakuwaje tukishauriana na tusikubaliane.

Ikaja pumu. Daktari wa watoto aliandika dawa mbili za kuvuta kwa mdomo: moja ya kufungua mirija ya hewa pindi mtoto anapobanwa na kifua, na nyingine ya kutumiwa asubuhi na jioni kila siku, hata asipokuwa na dalili yoyote, ili kupunguza uvimbe ulio ndani ya mirija hiyo. Ile ya kwanza sikuwa na tatizo nayo, maana niliona ikifanya kazi kwa dakika chache. Ya pili ilikuwa na steroidi, kemikali ya kutuliza uvimbe, na neno hilo peke yake lilinitosha. Nilikuwa mzazi mwenye kusoma, na mzazi anayesoma usiku wa manane kwenye simu ni mtu wa kuogopwa. Nilisoma kwamba steroidi huwadumaza watoto, nikafunga simu nikiwa na msimamo.

Hofu yangu haikuwa ya kubuni, na sitaki kujidharau kupita kiasi ili makala ipendeze. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la The New England Journal of Medicine, uliowafuatilia watoto wenye pumu hadi utu uzima, ulikuta kwamba wale waliotumia dawa ya aina hiyo kwa miaka kadhaa walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2 kuliko wenzao waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na tiba ndani yake. Mama yake alisoma sentimita 1.2 hiyohiyo akaona ni kitu kidogo mno mbele ya mtoto anayeshindwa kuvuta pumzi. Yeye naye alikuwa na ukweli wake: dawa ya kinga hujenga nguvu yake taratibu kwa matumizi ya mfululizo, na mtoto anayeikatiza kila mara haipati ile kinga ambayo kwa ajili yake aliandikiwa. Mabishano ya namna hii hudumu kwa sababu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kipande hicho kinamtosha kulala usingizi akiamini kwamba mwenzake ama ni mzembe ama ni mwenye hofu.

Sikukataa waziwazi. Ningalikataa waziwazi pengine tungefika mbali mapema. Kila Ijumaa ya zamu yangu mama yake alinitumia ujumbe wa kunikumbusha dawa ya asubuhi na ya jioni, nami nilijibu "sawa", neno ambalo kwenye simu za wazazi waliotengana limebeba ugomvi kuliko matusi yote. Dawa ilibaki ndani ya begi la mtoto kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili jioni, na mtoto alikuwa akiliona begi lile. Hakuna aliyemwambia chochote, lakini alielewa kwamba kwa mama kikohozi kinahesabiwa na kutibiwa, na kwamba kwa baba kikohozi ni jambo linaloukunja uso wa baba. Alipobanwa usiku akiwa kwangu alikwenda msalani, akafungua bomba la maji, akakohoa humo. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikifikiri kwamba ananawa.

Husemwa kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Msemo huo nimeusikia tangu utotoni, na ninadhani umewahi kunidanganya, kwa sababu nyasi hazina akili. Mtoto aliye kati ya wazazi wawili anatazama, anapima, anajifunza ni habari gani inamfurahisha nani, na baada ya muda anakuwa mwanadiplomasia mdogo ambaye kila upande anaupelekea taarifa inayoupendeza. Mama yake alikuwa na daftari lenye kikohozi cha siku kumi na mbili. Mimi nilikuwa na wikiendi mbili ambazo "hakukohoa kabisa", na nilizitumia kama ushahidi.

Usiku alipozidiwa alikuwa kwangu. Nilimpa dawa ya kufungua kifua mara ya kwanza, mara ya pili, na nilipoona ngozi ya katikati ya mbavu inavutwa ndani kila anapovuta pumzi, nilimbeba hadi hospitali. Muuguzi aliuliza kwa haraka mtoto anatumia dawa gani, alitumia lini mara ya mwisho, na ni nani wa kutia saini iwapo atalazwa. La kwanza nililijibu kwa kubabaika. La pili nililijibu kwa uongo. La tatu nilisema "mimi", na nusu saa baadaye mama yake aliingia akasema "mimi" kwa sauti ileile. Madaktari hawakutungojea, na hawakupaswa kutungojea: maisha ya mtoto yanapokuwa hatarini tiba ya dharura hutolewa bila kusubiri ridhaa ya pande zote, na hilo ni miongoni mwa mambo machache katika eneo hili ambayo hayabadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Kulipopambazuka ndipo likaulizwa lile swali la kikohozi cha usiku, na mwanangu akataka kwanza kujua ni kikohozi cha nyumba ipi.

Wakili niliyemwendea baada ya hapo alinisikiliza kwa uvumilivu, kisha akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kutia saini karatasi yoyote: kukaa na mtoto ni kitu kimoja, na kuamua juu ya mtoto ni kitu kingine. Sheria nyingi hutenganisha mambo haya mawili. Marekani, kwa mfano, huzungumzia kando ulezi wa mahali mtoto anapoishi na ulezi wa maamuzi, na mzazi anaweza kuwa na kimoja bila kingine. Ujerumani, wazazi wenye ulezi wa pamoja wakiishi mbalimbali, yule anayeishi na mtoto huamua peke yake mambo ya kila siku, lakini mambo yenye uzito mkubwa kwa mtoto huhitaji makubaliano ya wote wawili. Yakishindikana, mahakama inaweza kumkabidhi mmoja wao uamuzi wa jambo hilo moja.

Kesi iliyonifungua macho ni ya huko. Mnamo Mei 2017 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua shauri la wazazi wasiooana waliokuwa na ulezi wa pamoja wa binti yao. Baba alitaka apewe chanjo zinazopendekezwa na kamati ya kudumu ya chanjo ya nchi hiyo, na mama alikataa. Binti aliishi kwa mama. Mahakama ilisema kwamba chanjo si jambo la kila siku, ikayachukua mapendekezo ya kamati ile kuwa kipimo cha elimu ya tiba, na ikampa baba mamlaka ya kuamua. Angalieni ilichofanya: haikumchanja mtoto kwa amri, wala haikumhamisha kutoka kwa mama yake. Ilisema nani aamue katika jambo hili, ikaishia hapo. Nilimwuliza wakili kama hakimu wetu angefanya hivyohivyo, akanijibu kwamba kila mahakama ina taratibu zake, ila hakimu yeyote angetaka kujua ni nani anayehudhuria kliniki, ni nani anayejua kipimo cha dawa, na daktari anasema nini. Nami niliweza kukadiria jibu la kila moja ya hayo bila kumlipa mtu yeyote.

Mahakama ni mahali halali pa kwenda, na kuna nyakati ambazo hakuna pengine pa kwenda. Uingereza, kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya mwaka 1989, mzazi anaweza kuomba amri juu ya suala moja mahususi, iwe upasuaji au chanjo, na hakimu huongozwa na ustawi wa mtoto kuliko kitu kingine chochote. Lakini sheria hiyohiyo inatamka kwamba ucheleweshaji kwa kawaida humdhuru mtoto, na kwamba amri isitolewe ila pale ambapo kuitoa ni bora kuliko kutoitoa. Kwa maneno mengine, hata sheria yenyewe haipendi sana kuingia katika kabati la dawa la familia. Tena mfumo huo unabadilika jinsi elimu inavyobadilika: mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya huko iliihesabu chanjo pamoja na maamuzi machache mazito ambayo mzazi mmoja hapaswi kuyafanya peke yake mwenzake anapopinga, na mwaka 2020 mahakama ileile, katika shauri la mtoto aliyekuwa chini ya uangalizi wa serikali za mitaa, ilisema haioni chanjo za kawaida kuwa jambo zito la namna hiyo.

Sisi tulikwenda kwa msuluhishi. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mchache wa maneno, na kabla ya kusikia habari ya dawa alimtaka kila mmoja wetu aeleze hofu ya mwenzake mpaka mwenye hofu aseme, "Ndivyo." Mama yake alianza. "Anaogopa kwamba amebaki kuwa baba wa kutia saini," alisema, na ilinibidi nikubali kwa mara ya kwanza, jambo ambalo liliniudhi. Mimi nilihitaji majaribio matatu. Nilisema anaogopa pumu, akatikisa kichwa. Nilisema anaogopa kwamba sitoi dawa, akatikisa kichwa. Mwishowe nilisema kwamba anaogopa kupigiwa simu usiku na mtu asiyejua dawa ilitumika lini, au anayejua lakini hatasema kweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndivyo." Kwa muda mrefu nilikuwa nimebishana na mwanamke ambaye sikujua anachokiogopa.

Makubaliano tuliyoyaandika yalichukua vikao vinne na kurasa tatu, na sehemu kubwa yake ni ya kawaida: homa ndogo na mafua huamuliwa na yule aliye na mtoto, dharura huamuliwa na yule aliyepo, mradi ampigie mwenzake njiani na si baada ya kurudi nyumbani, upasuaji, dawa ya muda mrefu, chanjo na matibabu ya akili huamuliwa na wote wawili. Dawa kamili hukaa katika kila nyumba, ili begi lisiwe tena shahidi. Mtoto hatumwi ujumbe. Lakini kipengele kimoja ninakitetea popote ninapoulizwa, na ninashangaa jinsi kinavyokosekana katika karatasi nyingi ambazo marafiki zangu wamenionyesha. Kinasema kwamba wakati mabishano yanaendelea, unafuatwa ushauri wa daktari anayemtibu mtoto, na kwamba mzazi anayepinga ana siku 14 za kutafuta maoni ya daktari wa pili, ambaye hupewa faili lote na si hadithi ya upande mmoja. Kabla ya hapo, kila nilipotaka dawa isitumike nilihitaji tu kuchelewesha mazungumzo. Anayechelewesha alikuwa ndiye anayeshinda. Kipengele hicho kiliniondolea ushindi wa bure, na kuanzia siku ile hoja zangu zilianza kuwa hoja.

Kisha lilibaki lile swali: na ikiwa madaktari wote wawili wamesema, na bado hatukubaliani? Msuluhishi alisema lazima jina moja liandikwe. Tulikaa kimya. Nilipendekeza tupokezane mwaka kwa mwaka, naye akaniuliza kama pumu nayo itapokezana. Nikapendekeza kwamba nikiachia afya nipewe elimu, akanijibu kwamba elimu tutaizungumza siku ya elimu. Liliandikwa jina la mama yake, pamoja na sharti kwamba atanieleza kwa maandishi sababu ya uamuzi wake kabla ya kuutekeleza, isipokuwa katika dharura. Sikupewa kitu badala yake. Nilitia saini nikiwa na hasira, na nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira hiyo ilichukua miezi kuisha. Wanaosema kwamba usuluhishi humwacha kila mtu ameridhika nadhani hawajawahi kusuluhishwa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo lisiposemwa makala hii inaweza kumdhuru mtu. Niliyoyaeleza yaliwezekana kwa sababu mimi na mama wa mtoto hatuogopani. Palipokuwa na kipigo, vitisho au udhibiti wa mmoja juu ya mwingine, kuwaweka wawili hao meza moja ni kumpa mkosaji chumba kipya cha kuendeleza aliyoyazoea. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2011 dhidi ya ukatili kwa wanawake, unaojulikana kwa jina la Istanbul, unazitaka nchi zilizouridhia zipige marufuku usuluhishi wa kulazimishwa katika mazingira ya ukatili wa aina hiyo, na pia zihakikishe kwamba matukio ya ukatili yanazingatiwa wakati wa kuamua ulezi na haki ya kumwona mtoto. Kwa mzazi aliye katika hali hiyo njia ni mahakama na wanaohusika na ulinzi wa mtoto, na asikubali kuambiwa kwamba ni mkaidi kwa sababu amekataa kuketi. Vivyo hivyo, wazazi walio katika nchi mbili wasitegemee karatasi ya kirafiki peke yake. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1996 uliwekwa kwa ajili ya kuamua mahakama ya nchi ipi ina mamlaka na namna amri ya nchi moja inavyotambuliwa katika nyingine, nao, katika nchi zilizomo, huruhusu hatua za haraka kuchukuliwa pale mtoto alipo.

Kuna mtu wa tatu ambaye kurasa zetu tatu zilimtaja kila mstari bila kumwuliza chochote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa Novemba 1989, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1985, Baraza la Malordi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa na mahakama ya juu kabisa ya huko, lilikuwa limeamua katika kesi ya Gillick kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 anaweza kuridhia matibabu mwenyewe iwapo ana ufahamu wa kutosha wa kile anachoridhia. Majaji walikuwa watano, na waliogawanyika upande huo walikuwa watatu dhidi ya wawili, kwa hiyo nisifanye kana kwamba lilikuwa jambo jepesi. Mtoto wa miaka saba haamui dawa yake. Lakini anaweza kuulizwa anajisikiaje akiwa na hakika kwamba jibu lake halitatumiwa dhidi ya mzazi yeyote, na hakika hiyo sisi ndio tuliokuwa tumemnyang'anya.

Kuirudisha kulichukua muda kuliko kuandika makubaliano. Daktari alishauri daftari moja, liende na mtoto kila aendako: tarehe, dawa ya asubuhi, dawa ya jioni, kikohozi cha usiku, na mwandiko wa mtu mzima aliyekuwepo. Miezi ya kwanza niliandika mimi, na kila nilipomwuliza asubuhi kama alikohoa alinitazama usoni kwanza ndipo ajibu hapana. Nilijifunza kuuliza nikiwa nimempa mgongo, nikipanga vikombe, ili uso wangu usimsaidie kujibu. Nilijifunza pia kusukutua meno pamoja naye baada ya dawa, kwa sababu dawa hiyo ikibaki kinywani huleta utando mweupe, na ilikuwa rahisi kwake kuliko kuamriwa. Tunampima urefu kila miezi mitatu, jambo ambalo mama yake aliliingiza katika makubaliano bila mimi kuomba. Anakua.

Sasa ana miaka kumi na mmoja na daftari analiandika mwenyewe. Jumapili moja, nilipokuwa nikilirudisha kwenye begi, lilifunguka kwenye ukurasa wa juma lile. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi aliandika kwamba hakukohoa. Ijumaa aliandika kwamba hakukohoa. Kwenye mstari wa Jumamosi, kwa kalamu ya penseli na herufi zake zinazolalia upande mmoja, alikuwa ameandika: "Nimekohoa mara mbili. Kwa baba. Nilimwamsha."